Huduma za diposisheni kwa shahidi anayesema Kiswahili Marekani: kipi kilipiwe kwanza

Kampuni zinazouza huduma ya diposisheni, yaani mahojiano ya kiapo kabla ya kesi, nchini Marekani huiuza kama kifurushi: stenografa (anayeandika kila neno linalosemwa), chumba au kiungo cha video, mkalimani akihitajika, na nakala iliyochapwa baada ya siku kadhaa. Kwa shahidi anayejibu kwa Kiingereza, kifurushi hicho kinatosha. Kwa anayejibu kwa Kiswahili, awe ametoka Bukavu na sasa anaishi Dallas, au ametoka Tanga na anaishi Columbus, kifurushi kilekile kina tundu ambalo halionekani kwenye ankara. Hapa tunakipima kipande kwa kipande dhidi ya Kanuni ya 30 ya Kanuni za Shirikisho za Mwenendo wa Madai, kisha tunasema pesa zikiwa chache ziende wapi.

Aliyezoea mahakama za Nairobi au Dar es Salaam aelewe kwanza kinachonunuliwa. Diposisheni ni mahojiano ya kiapo yanayofanyika kabla ya kesi kusikilizwa, mara nyingi kwenye ofisi ya wakili, na anayeuliza ni wakili wa upande wa pili. Hakimu hayupo. Mashahidi wengi, hasa wazee, huona meza, chupa za maji na watu wanaotabasamu, wakadhani ni mazungumzo tu. Kiapo ni kilekile cha mahakamani, na kila jibu linaweza kusomwa baadaye mbele ya jaji. Kwa kuwa hakuna jaji wa kumzuia wakili mkali pale pale, ulinzi wa shahidi umo kwenye kanuni, kwenye kumbukumbu zinazowekwa, na kwa watu waliomo chumbani.

Stenografa

Hiki ndicho kipande bora cha kifurushi. Cheti kinachotambulika zaidi cha taaluma hiyo hudai kasi ya maneno 225 kwa dakika kwenye maswali na majibu, kwa usahihi usiopungua asilimia 95. Kanuni ya 28(c) inamkataza kuwa ndugu au mwajiriwa wa upande wowote au wa wakili wao, au kuwa na maslahi ya fedha katika kesi. Kabla ya swali la kwanza lazima ataje jina lake na anwani ya kazi, tarehe, saa, mahali, jina la shahidi na wote waliopo, kisha aapishe. Asiyetaka kuapa kwa sababu ya dini anaweza kutoa thibitisho rasmi badala ya kiapo, nalo lina uzito uleule. Ukiona kasoro kwa stenografa mwenyewe, sema kabla hajaanza. Ukinyamaza, haki ya kulalamika huwa imepotea, isipokuwa sababu yenyewe imejulikana baadaye.

Sasa tundu lenyewe. Stenografa anaandika Kiingereza tu. Shahidi akisema sentensi tatu kwa Kiswahili, mkalimani akazitoa kwa sentensi mbili za Kiingereza, kinachobaki kwenye karatasi ni zile mbili. Maneno ya shahidi yamekwenda na upepo. Miezi sita baadaye akisema, "Mimi sikusema hivyo," hakuna mahali pa kwenda kusikiliza alisema nini.

Video, na kipaza sauti cha nani

Ndiyo maana kwa shahidi wa Kiswahili video si anasa. Kanuni ya 30(b)(3) inamruhusu anayeita diposisheni kuchagua njia ya kurekodi na kuilipia, na inauruhusu upande mwingine wowote katika kesi kuongeza njia nyingine kwa gharama yake, mradi utoe taarifa mapema kwa shahidi na kwa wengine. Kwa hiyo upande uliopokea taarifa inayosema "stenografa pekee" haujafungwa mikono. Barua fupi ya kuongeza video inatosha.

Wapiga video wanafanya kazi nzuri ya picha lakini wanakosea sauti, na wanakosea kwa njia ileile. Kipaza sauti cha kubana kwenye nguo humpa shahidi, kingine wakili anayeuliza, kingine wakili anayetetea. Mkalimani hukaa pembeni bila chochote, sauti yake ikiokotwa kwa mbali na kipaza sauti cha shahidi. Siku ikifika ya kulinganisha Kiswahili na Kiingereza, unasikia jibu vizuri lakini tafsiri ni mnong'ono. Agiza kipaza sauti cha nne, cha mkalimani, na uombe dakika moja ya majaribio ambapo shahidi na mkalimani wote wanaongea, sauti ikisikilizwa kwa visikizi kabla ya kiapo. Kanuni pia inakataza mbinu yoyote ya kurekodi inayopotosha sura au mwenendo wa shahidi. Kwenye mahojiano ya mtandaoni, zima mandhari bandia na vichujio vya uso.

Mkalimani, ambako ndiko kwenye kazi

Anzia na neno "amethibitishwa", kwa sababu kampuni hulitumia kwa wepesi. Uthibitisho wa mahakama za shirikisho kwa sasa unatolewa kwa Kihispania peke yake. Kwa Kiswahili hakuna. Majimbo yana orodha na mitihani yao, kwa hiyo swali la kuuliza ni: cheti hiki kimetolewa na nani, na mtihani wake ulikuwa wa Kiswahili au wa maadili na Kiingereza tu? Kanuni ya 604 ya Kanuni za Ushahidi inataka mkalimani awe na sifa na ale kiapo cha kufasiri kwa ukweli. Kiapo chake kinatangulia cha shahidi, kwa kuwa ndicho kinachobeba kiapo cha shahidi. Mpwa wa shahidi anayejua Kiingereza, au mfanyakazi mwenzake, hafai hata akijitolea bure.

Baada ya cheti, uliza Kiswahili cha wapi. Aliyekulia Unguja na aliyekulia Lubumbashi wataelewana sokoni, lakini kwenye kesi ya ajali ya kiwandani Mkongomani atachanganya Kifaransa kwa majina ya mitambo, sehemu za mwili na vyeo vya kazini, na mkalimani asiyejua Kifaransa ataanza kubahatisha. Tunashauri simu ya dakika 10 kati ya mkalimani na shahidi siku chache kabla, mawakili wa pande zote wakijua, kwa jambo moja tu: kuhakikisha wanasikilizana. Kesi yenyewe isiguswe.

Mitego mingine ni ya lugha yenyewe, na tumeona mara kadhaa jinsi inavyoharibu nakala.

Mtego wa kwanza ni "ndiyo". Wakili anauliza, kwa mtindo wanaoupenda mno, swali la kukanusha lenye mkia. Mkalimani analitoa: "Hukuliona lori kabla ya kugongwa, sivyo?" Shahidi anajibu, "Ndiyo." Kwa Kiswahili amekubali kauli: ni kweli, sikuliona. Karatasi inasema "Yes", na mtu anayesoma kwa Kiingereza anaweza kulielewa kwamba aliliona. Mkalimani mzuri hasiti kutamka kwamba jibu lina utata na kuomba lifafanuliwe. Wakili wa shahidi naye amfundishe mteja wake kabla ya siku yenyewe: kila swali la aina hiyo lijibiwe kwa sentensi kamili. "Ndiyo, sikuliona." Maneno mawili, hakuna wa kuyapindua.

Pili ni saa. "Niliingia kazini saa mbili" kwa mtu wa pwani ni saa nane kamili asubuhi kwa hesabu ya Kizungu. Lakini shahidi aliyeishi Marekani miaka 10 huenda amezoea kusema saa kama saa ya simu yake inavyoonyesha, na katika jibu moja akachanganya hesabu zote mbili. Asidhani mtu hapa. Mkalimani aseme kwenye kumbukumbu kwamba usemi huo una hesabu mbili, na wakili aulize: ilikuwa asubuhi au alasiri, jua lilikuwa limetoka, saa ya ukutani ilionyesha namba gani?

Tatu ni mwili. Kesi nyingi za madai ni za majeraha, na lugha yetu inasema "mkono" kuanzia begani hadi vidoleni, na "mguu" kuanzia nyonga hadi unyayo. Mkalimani mmoja anasema kiganja, mwingine anasema mkono mzima, na hati za hospitali zinasema kiwiko. Wakili wa upande wa pili hapo amepata tofauti ya kumsuta shahidi. Dawa ni shahidi aoneshe kwa kidole, na wakili atamke kwa sauti alichoonesha, kwa sababu stenografa haandiki kidole: "Shahidi anaonesha sehemu ya chini ya mkono wa kulia, kati ya kiwiko na kifundo." Kiwekwe hivyo kila mara, hata kama ni mara 15.

"Ndugu" inaweza kuwa kaka, dada, binamu au mtu wa kijiji kimoja. "Yeye" haisemi ni mwanamume au mwanamke, na mkalimani akibahatisha jinsia, swali linalofuata linamhusu mtu asiyekuwepo. "Ee" la kukubali na "aa-aa" la kukataa huandikwa vibaya mno. Shahidi atumie ndiyo na hapana.

Kuna pia adabu, na hii haimo kwenye mwongozo wa kampuni yoyote tuliyoisoma. Mkalimani huzungumza kwa nafsi ya kwanza, kama kwamba yeye ndiye anayeuliza. Kijana wa miaka 30 akimwambia bibi wa miaka 70 "Wewe uliona nini?" mara 200 kwa siku, bibi huyo atajifunga. Atajibu kwa neno moja, na majibu yake yataonekana ya kuficha. Baadhi ya wakalimani hutanguliza "Mama" au "Mzee", na wakili anayejua Kiswahili kidogo anaweza kupinga kuwa mkalimani ameongeza neno. Jambo hili hupatanishwa kabla ya swali la kwanza, likaingia kwenye kumbukumbu: heshima ya kawaida ya lugha itatumika na haibadili swali. Naye shahidi akijibu "Ndiyo, mwanangu," hilo linafasiriwa kama lilivyo, bila kufutwa.

Mahojiano ya zaidi ya saa mbili yanahitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila nusu saa hivi. Mmoja peke yake huanza kuacha maneno kabla yeye mwenyewe hajajijua. Ukiweza, mlete pia mkalimani wa kukagua, anayelipwa na upande wa shahidi: anakaa kimya, anasikiliza, na kosa likitokea anamwandikia wakili wake, naye analitamka kwenye kumbukumbu papo hapo. Kosa linalosahihishwa dakika ileile halina gharama. La baada ya mwezi lina gharama kubwa, kama tutakavyoona.

Saa saba

Kanuni ya shirikisho inaweka kikomo cha siku moja ya saa 7, zikihesabiwa dakika za mahojiano tu, bila chakula cha mchana wala mapumziko. Kwa ukalimani wa kufuatana, ambapo mkalimani hungoja msemaji amalize, kila kitu kinasemwa mara mbili, hivyo wakili anayeuliza atadai muda zaidi. Ana hoja: maelezo ya kamati ya kanuni hizo ya mwaka 2000, kikomo hicho kilipoingizwa, yanautaja ukalimani kama sababu ya kufikiria nyongeza. Usisubiri ombi hilo saa kumi na moja jioni shahidi akiwa hoi. Kubalianeni kwa maandishi kabla: nusu siku mbili ni bora kuliko siku moja ndefu, na kanuni inaruhusu pande kupatana. Katika mahakama za majimbo hesabu ni nyingine. Texas inaupa kila upande saa 6 kwa shahidi mmoja, Illinois ina saa 3. Kampuni ya huduma haitakukumbusha; inalipwa kwa ukurasa na kwa saa.

Pingamizi na kunyamaza

Kipande hiki hakiuzwi na kampuni, ila mkalimani anakigusa. Wakili wa shahidi akipinga, pingamizi linaandikwa na shahidi anajibu hata hivyo. Pingamizi liwe fupi, lisibishane, lisimwoneshe shahidi jibu. Wakili anaweza kumzuia shahidi asijibu kwa sababu tatu tu: kulinda siri inayotambuliwa na sheria, kama ile ya wakili na mteja; kutekeleza mpaka uliowekwa na mahakama; au ili kupeleka ombi la kusitisha mahojiano. Ombi hilo, chini ya 30(d)(3), ni kwa maswali yanayoulizwa kwa nia mbaya au kwa namna ya kumsumbua, kumdhalilisha au kumwonea shahidi bila sababu. Shahidi au upande unaopinga ukidai, mahojiano lazima yasimame kwa muda wa kutafuta amri. Ni ngao halisi.

Mkalimani afasiri na mabishano ya mawakili. Wengi huyaacha, na shahidi anabaki akiona watu wawili wanafokeana kuhusu jibu lake bila kujua kosa ni lipi. Mara nyingi akirudi kujibu hubadilisha alichotaka kusema.

Kuhusu kunong'ona na wakili katikati: uamuzi wa mwaka 1993 wa mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania, Hall dhidi ya Clifton Precision, ulikataza mashauriano hayo hata wakati wa mapumziko, isipokuwa kuhusu siri ya kisheria. Si mahakama zote zinazoufuata kwa ukali huo, kwa hiyo maandalizi yamalizike kabla ya siku yenyewe. Yafanyike na mkalimani mwingine kabisa. Yule wa diposisheni asiwe ndiye anayejua mazungumzo yenu ya faragha.

Kusoma na kusaini

Hapa ndipo tunawalaumu watoa huduma zaidi. Kanuni ya 30(e) inampa shahidi siku 30, tangu kuarifiwa kuwa nakala ipo, kuisoma na kuorodhesha mabadiliko ya umbo au ya maana, pamoja na sababu ya kila badiliko. Texas ni siku 20. Lakini chini ya kanuni ya shirikisho haki hiyo lazima iombwe kabla diposisheni haijamalizika, na shahidi au upande wowote unaweza kuiomba. Sentensi moja inatosha: "Shahidi anaomba kusoma na kusaini." Hatari yake ni msemo wa mawakili, "masharti ya kawaida". Wakili akiuliza, "Tunakubaliana na masharti ya kawaida?" na mwingine akaitikia, katika maeneo mengi kusoma na kusaini ni sehemu ya yaliyoachwa. Asiitikie mtu bila kuyataja masharti moja moja.

Haki ikishaombwa, kampuni hutuma kiungo cha nakala ya Kiingereza, kurasa 180, kwa shahidi asiyesoma Kiingereza. Siku 30 zinakwenda. Huduma inayohitajika ni mkalimani wa kumsomea nakala kwa Kiswahili huku video ikiwa pembeni, na hatujaiona kwenye orodha ya bei ya kawaida. Iagize tangu mwanzo, kama kazi ya siku nzima ndani ya wiki mbili za kwanza.

Video inahitajika hapa kwa sababu majaji hawalingani kuhusu mabadiliko ya maana. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9, katika Hambleton Bros. dhidi ya Balkin ya mwaka 2005, ilisema orodha ya masahihisho ni ya kusahihisha, si ya kupinga ulichosema. Shahidi akiandika tu "nilimaanisha sikuliona", badiliko hilo linaweza kufutwa. Akiandika "kosa la ukalimani, video, saa 2, dakika 14, sekunde 30, shahidi alisema 'ndiyo, sikuliona'", hajabadili ushahidi wake. Ameonesha ulikuwa nini tangu mwanzo. Bila kipaza sauti kile cha nne, safu hiyo haiandikiki.

Mtandaoni

Diposisheni ya mbali inahitaji makubaliano ya pande au amri ya mahakama, na kisheria hufanyika pale shahidi alipo anapojibu. Kwa aliye Nairobi au Kigoma, hilo linamaanisha mwapishaji awe na mamlaka kwa sheria ya Marekani au ya mahali hapo, la sivyo ateuliwe na mahakama. Pande zitie saini makubaliano ya kutopinga kiapo kabla ya siku. Tumia ukalimani wa kufuatana, si wa papo kwa papo, kwa sababu sauti mbili juu ya nyingine zinamshinda stenografa. Gumzo la faragha lizimwe kwa wote, shahidi azungushe kamera aoneshe chumba kitupu, awe na vielelezo vilivyochapwa mkononi, na awe na namba ya simu ya akiba iwapo umeme utakatika. Ukalimani wa simu ya sauti tu tunaukataa kabisa kwa kazi hii: mkalimani haoni kidole kinachoonesha kiwiko.

Shahidi asiye upande wa kesi

Aliyeitwa kwa samansi bila kuwa mdai wala mdaiwa ana ulinzi wake chini ya Kanuni ya 45. Kwa kawaida haitwi zaidi ya maili 100 kutoka anakoishi, anakofanya kazi au anakofanya biashara mara kwa mara ana kwa ana. Posho ya siku moja, dola 40, pamoja na nauli ya maili, hukabidhiwa pamoja na samansi yenyewe. Anaruhusiwa kuja na wakili. Kwa desturi mkalimani hulipwa na aliyeita diposisheni, na shahidi asikubali kutumiwa ankara hiyo.

Bajeti ikibana, acha kwanza nakala ya haraka na maandishi ya papo hapo kwenye skrini. Hayo ni starehe ya mawakili. Baki na video, kipaza sauti cha mkalimani, wakalimani wawili, na siku ya kusomewa. Oda iandikwe hivi, kwa barua pepe, angalau wiki mbili kabla: "Shahidi anazungumza Kiswahili cha Kivu na huchanganya Kifaransa. Tunahitaji wakalimani wawili wa kupokezana wasio na uhusiano na upande wowote, majina na vyeti vyao siku 7 kabla. Video yenye kipaza sauti cha mkalimani kwenye njia yake ya sauti. Shahidi atasoma na kusaini; tunaomba bei ya mkalimani wa kumsomea nakala, saa 7, ndani ya siku 14 tangu nakala kutoka." Kampuni ikijibu kwa kukutumia bei ya kifurushi cha kawaida, tafuta nyingine.